Kichwa Kiligongwa, Vipimo Vikatoka Safi: Kutafuta Mtikisiko wa Ubongo Uliopitwa

Malalamiko yaliyokusanywa hapa ni yale yanayojirudia katika zahanati na vituo vya afya vya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Mtu ameanguka na bodaboda, amegongwa na mti wa tanga, ameteleza juu ya jabali au amepigwa. Ameonekana mzima, ameruhusiwa kurudi nyumbani, na siku au wiki zilizofuata hakuwa yule waliyemzoea. Wataalamu huliita jeraha dogo la ubongo, au mtikisiko wa ubongo, pale ambapo majeruhi anapata alama 13 hadi 15 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, na ambapo kupoteza fahamu, kama kulikuwapo, hakukuzidi dakika 30, wala kupotewa na kumbukumbu hakukuzidi saa 24. Ikumbukwe kuwa alama 15 ndizo za juu kabisa katika kipimo hicho, maana yake ni kwamba mtu anaweza kupata alama zote na bado akawa ameumia.

Jeraha hili hupitwa kwa sababu hugunduliwa kwa maswali, na anayeulizwa maswali hayo ndiye ambaye kumbukumbu yake imevurugika. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Hali zisizosubiri

Hatua zote zinazofuata ziachwe, na majeruhi apelekwe hospitali yenye kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, bila kungoja kupambazuke, ikiwa ametapika mara mbili au zaidi, ikiwa maumivu ya kichwa yanazidi kadiri saa zinavyokwenda, ikiwa amepata degedege, ikiwa mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, ikiwa mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, ikiwa maneno yake hayaeleweki, ikiwa amelala usingizi asioamshika, au ikiwa damu au maji maangavu yanamtoka puani au masikioni. Weusi unaojitokeza kuzunguka macho yote mawili, au nyuma ya sikio, mahali ambapo hapakupigwa, huashiria kuvunjika kwa kitako cha fuvu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, na mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, wapelekwe hata kama dalili zao ni chache. Anayelalamikia shingo asigeuzwegeuzwe, na kofia ngumu isivutwe kichwani mwake kwa nguvu.

Kutulia kwa saa chache hakuthibitishi usalama. Mshipa wa damu ukipasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo, majeruhi anaweza kuzinduka, akazungumza vizuri na hata akala, kisha akaporomoka ghafla damu ikishakusanyika. Kwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa meli kutoka Nansio huchukua saa tatu hivi kufika Mwanza mjini na haipatikani kila saa. Kwa hiyo uamuzi wa kuvuka ufanywe mchana, dalili ya kwanza inapoonekana. Wanaotoka Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Fomu ya polisi, yaani PF3, ifuatiliwe na ndugu mmoja wakati majeruhi anaendelea kuhudumiwa, isije ikawa sababu ya kumkalisha kwenye benchi.

“Sikuzimia, kwa hiyo kichwa hakikuumia”

Hakuna kauli inayokatisha uchunguzi mapema kuliko hii, na inatoka kwa majeruhi na kwa wahudumu pia. Sababu ya kwanza ya kutoiamini ni kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa; wanaona nyotanyota, wanapumbaa kwa muda, wanauliza wako wapi, kisha wanainuka. Sababu ya pili ni kwamba aliyezimia kwa sekunde chache hana namna ya kujua kuwa alizimia, maana katika muda huo ubongo haukuhifadhi chochote.

Mdogo wangu aliteleza na pikipiki kwenye mteremko wa Mabatini, siku ambayo mvua ilikuwa imeshusha mchanga barabarani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshona goti, nyuzi saba. Nikamuuliza kama alizimia, akasema hapana, nikaandika hapana. Kofia yake ngumu ilikuwa juu ya meza mbele yangu, ina ufa uliotoka ukingoni hadi juu ya sikio la kushoto, nami nikaisogeza pembeni ili nipate mahali pa kuweka trei ya vifaa. Siku ya tatu mama alimtuma chumvi. Aliileta, akaiweka jikoni, akauliza alikuwa ametumwa nini, na kabla ya magharibi akauliza tena. Nilipomkalisha na kumwomba anisimulie upya, alisema: “Kaka, tairi la nyuma liliteleza, nikajikuta nimekaa kando ya mtaro, watu wamenizunguka.” Maneno hayohayo alikuwa ameniambia siku ya kwanza wakati namshona, nami sikuyasikia.

Neno “nikajikuta” katika simulizi ya ajali lichukuliwe kuwa pengo la kumbukumbu mpaka ithibitike vinginevyo. Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kuacha kuuliza swali la ndiyo au hapana, na badala yake kumwomba majeruhi asimulie tangu kabla ya ajali: kitu cha mwisho anachokumbuka kabla ya kuanguka ni kipi, cha kwanza baada ya hapo ni kipi, nani aliinua pikipiki, na alifikaje hapa. Hatua ya pili ni kumpigia simu aliyemwokota, kwa kuwa dereva wa kijiwe kilekile au muuza karanga wa kando ya barabara anajua zaidi kuliko majeruhi. Hatua ya tatu ni kuitazama kofia. Kofia nzuri hupunguza sana uwezekano wa fuvu kupasuka na wa mtu kufa, na kila abiria anapaswa kuivaa. Lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika na kujizungusha ndani ya fuvu, hivyo kofia iliyopasuka ni ushahidi wa ukubwa wa pigo, na haifai kuvaliwa tena.

Sababu ya tatu ya kutoiamini kauli hiyo ni kwamba jeraha jingine limevuta macho yote. Mfupa wa paja uliovunjika unapiga kelele kuliko ubongo, na mgonjwa wa aina hiyo huweza kukaa wodini siku kumi bila mtu kumuuliza tarehe.

Sababu ya nne ni kuficha. Dereva anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye pikipiki hatakubali kwa hiari kwamba anaona kizunguzungu, na mchezaji wa ndondo hataki kutolewa nje dakika ya sitini. Mwanamke aliyepigwa nyumbani husema ameteleza bafuni, hasa aliyempiga anapokuwa amesimama kando ya kitanda. Hapo mhudumu atafute sababu ya kawaida, kama vile kupima uzito, ili amuulize akiwa peke yake, na amweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aulizwe pia kama alikabwa koo, kwa sababu kukabwa kunaunyima ubongo hewa na mara nyingi hakuachi alama shingoni.

Baada ya simulizi ndipo vipimo vifuate. Mpe maneno matano ya kawaida, umwombe ayarudie papo hapo na tena baada ya dakika tano au zaidi. Mwambie ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Msimamishe mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mikono kiunoni, macho yamefumbwa, kwa sekunde 20, huku mtu akiwa karibu kumdaka. Asiyezoea hesabu za darasani apewe za sokoni: amelipa shilingi 10,000, sato ni 6,500, arudishiwe ngapi? Mfanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni anayekwama hapo ana tatizo, hata kama anajua jina la rais na siku ya juma. Upungufu wa kipimo chochote kati ya hivi ulinganishwe na hali yake ya kila siku kama ndugu wanavyoijua, kwa sababu wapo watu ambao hawakuweza kutaja miezi kinyumenyume hata kabla ya ajali.

“Picha ya CT haina kitu, lakini kichwa bado kinauma”

Familia iliyolipia picha ina haki ya kushangaa, na ni vibaya kumwambia mgonjwa kwamba kwa kuwa picha ni safi basi anajisumbua bure. Kipimo cha CT huonyesha damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na uvimbe mkubwa. Kazi yake katika saa za mwanzo ni kumtafuta anayehitaji upasuaji. Katika mtikisiko wa ubongo kilichoharibika ni utendaji: nyuzi nyembamba za neva zimevutwa, chumvichumvi za potasiamu na kalsiamu zimevuka kuta za seli bila mpangilio, na seli zinadai nishati nyingi wakati damu inayoifikisha nishati hiyo imepungua. Picha ya nyumba haionyeshi kama umeme umekatika. Hata kipimo cha damu kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kiliidhinishwa ili kusaidia kuamua nani apigwe CT, si kwa ajili ya kusema nani amepata mtikisiko.

Maumivu yanayoendelea baada ya picha safi mara nyingi ni ya mtikisiko wenyewe, hasa yakizidi mbele ya mwanga, kelele au kazi ya kufikiri. Mvuvi mmoja wa dagaa alieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu: alisema anaweza kuvuta nyavu, lakini taa ikiwashwa mtumbwini inamchoma kama sindano nyuma ya jicho. Chanzo kinachofuata ni shingo iliyoteguka pamoja na kichwa. Bonyeza misuli iliyo chini ya kisogo, na kama maumivu yanapanda hadi kwenye paji la uso, shingo inahusika. Cha tatu husahaulika, nacho ni dawa zenyewe za maumivu: anayemeza vidonge siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na vidonge hivyo, na dukani hakuna anayemhesabia. Cha mwisho, ambacho ni adimu lakini hatari, ni damu inayovuja polepole baada ya picha ya kwanza. Ndiyo maana maumivu yanayozidi, tofauti na yale yasiyopungua tu, yanahitaji kurudi hospitali hata kama cheti cha picha kipo mfukoni.

Katika saa 48 za mwanzo parasetamo hutosha, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziepukwe kwa sababu huweza kuongeza kuvuja kwa damu. Majeruhi apumzike kazi nzito na simu kwa siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na kufanya kazi nyepesi, akirudi nyuma hatua moja kila dalili zinapozidi. Kumfungia chumbani gizani wiki nzima humchelewesha. Aliyekwisha kuchunguzwa anaruhusiwa kulala, kinyume na imani iliyoenea kwamba asilale kabisa, ila usiku wa kwanza awepo mtu wa kumwangalia na kumwamsha kama mhudumu alivyoelekeza. Asiendeshe pikipiki wala kurudi uwanjani mpaka dalili ziishe na mhudumu amwone, kwa kuwa pigo la pili juu ya ubongo usiopona linaweza, kwa nadra na hasa kwa vijana, kuuvimbisha ubongo hadi kufa. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili na watoto ndani ya wiki nne. Anayevuka muda huo aandikiwe rufaa. Asiongezewe vidonge tu.

“Nimemeza mseto mara mbili, hali ni ileile”

Katika ukanda huu kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula vina jina moja, na jina hilo ni malaria. Si ujinga, malaria ipo, nayo inaua. Tatizo ni kwamba dalili zote hizo ni za mtikisiko wa ubongo pia, na mgonjwa anayefika siku ya nne haunganishi kichwa chake cha leo na ajali ya Jumamosi, hasa kama ajali ilikuwa ya kuchekesha zaidi kuliko ya kutisha.

Kagua kwanza joto. Mtikisiko peke yake hauleti homa, kwa hiyo anayelalamikia kichwa bila homa na kipimo cha malaria kikiwa hasi aulizwe moja kwa moja kama katika mwezi uliopita kuna kitu chochote kilimgonga, au gari alilopanda lilifunga breki ghafla, maana ubongo hutikisika hata kichwa kisipogusa kitu. Swali hilo linachukua nusu dakika, na ningependa liandikwe ukutani katika kila chumba cha maabara kanda hii.

Kipimo kikiwa chanya, jambo halijaisha. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa; zaidi ya hayo, wakazi wa maeneo yenye malaria nyingi wanaweza kubeba vimelea bila kuugua. Hivyo mtu anaweza kuwa na mstari wa pili katika kipimo huku kinachomuumiza ni ubongo uliotikisika. Atibiwe malaria kama mwongozo unavyotaka, lakini asiporudi katika hali yake ndani ya siku tatu, historia ichukuliwe upya tangu mwanzo badala ya kubadilisha dawa, na maabara ipime tena kwa darubini. Homa inayoambatana na shingo iliyokakamaa, au na kuchanganyikiwa, si ya kuchunguzwa zahanati, ni dharura.

“Nikigeuka kitandani nyumba inazunguka”

Kizunguzungu kinachokuja na kuondoka ndani ya dakika moja, kila mara mgonjwa anapogeuka kitandani au kuinua kichwa kutazama juu, mara nyingi hutoka sikioni, ambako pigo limebandua chembe ndogo za chokaa zinazosaidia mwili kupata mizani. Hakiitiki kwa dawa za kichefuchefu, ila daktari wa masikio au mtaalamu wa mazoezi ya tiba anaweza kuzirudisha chembe mahali pake kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Kazi hiyo isijaribiwe nyumbani kabla shingo haijachunguzwa.

“Mume wangu amebadilika”

Lalamiko hili huletwa na ndugu, si mgonjwa, na huja limechelewa. Anafoka kwa jambo dogo, analala mchana na kukesha usiku, anaacha chai ichemke hadi ikauke, anakaa mbali na sauti za watoto. Kabla hajafika kwa mhudumu amekwisha kuitwa mlevi, mvivu au mtu aliyerogwa, na huenda amekwisha kupelekwa kwa mganga.

Hapa tarehe ndiyo kipimo. Andika siku ambayo mabadiliko yalianza kuonekana na siku ambayo kichwa kiligongwa. Zikikaribiana, mtikisiko ndio unaoongoza katika orodha, ukifuatwa na kukosa usingizi kunakotokana na maumivu, kisha sonona au hofu iliyobaki baada ya ajali, ambazo huweza kuwapo pamoja na jeraha na zina tiba yake. Mke asikilizwe mbele ya mume na tena peke yake. Mume akianza kusema anataka kufa, au akawa tishio kwa walio nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

“Tulidhani ni pombe”

Aliyelewa akaanguka ana sababu mbili za kupepesuka, na harufu ya gongo huficha ile ya pili. Kanuni ni fupi: hakuna anayeachwa alale ulevi uishe bila kuangaliwa. Sukari yake ipimwe, mboni zake zitazamwe, aamshwe mara kwa mara, na kama saa mbili baada ya kuumia bado hajarudi katika fahamu kamili, ahesabiwe kuwa na jeraha la kichwa na apelekwe. Mkoromo mpya, mzito, kwa mtu asiyeamshika si usingizi.

Mtoto asiyeweza kueleza, na mzee aliyesahau

Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe au kwenye majabali ya mlimani, ambayo kwa watoto wa Mwanza ndiyo viwanja vya michezo, hasemi kwamba kichwa kinamgonga. Anakataa kunyonya au kula, analia asibembelezeke, anapoteza ujuzi aliokuwa ameshaupata, kama kutembea au kwenda chooni mwenyewe. Degedege baada ya kuanguka isihesabiwe moja kwa moja kuwa ya malaria. Aliye chini ya miaka miwili mwenye uvimbe laini kichwani, au mwenye utosi uliotuna, apelekwe bila majaribio ya nyumbani. Wa shule arudi darasani polepole, na mwalimu aelezwe, kwa sababu kushindwa kunakili ubaoni wiki hizo si ukaidi.

Kwa mzee jambo ni tofauti na ni la kuogopesha zaidi. Ubongo husinyaa kwa umri, na mishipa midogo inayovuka kutoka ubongoni kwenda kwenye utando hukaa imevutika; bibi akijigonga kwenye kizingiti akiamka usiku, damu inaweza kuvuja tone kwa tone kwa wiki tatu au nne bila yeye kukumbuka kwamba alijigonga. Kisha anaanza kusahau majina, anaburuta mguu mmoja, anajikojolea, na wajukuu wanasema ni uzee. Uzee hauji kwa wiki tatu. Mabadiliko ya haraka kiasi hicho yanahitaji picha ya CT, na katika hali hii picha huonyesha kitu: damu iliyokusanyika, ambayo daktari wa upasuaji huweza kuitoa kupitia tundu dogo kwenye fuvu, na wengi hurudi kuwa walivyokuwa. Ndugu anayempeleka aende na tarehe ya siku ambayo bibi alitembea vizuri mara ya mwisho, na orodha ya dawa zake zote, pamoja na zile alizonunua mwenyewe dukani.